Vijana waokoaji wasiachwe waondoke

Klabu za uokoaji katika fukwe za Australia, zilizoanza mwanzoni mwa karne ya 20 na ambazo hadi leo hutegemea watu wa kujitolea, huwalea watoto kuanzia umri wa miaka 5, na anayefikisha miaka 15 huweza kutahiniwa Nishani ya Shaba, yaani sifa ya mlinzi kamili wa ufukwe, inayomtaka aogelee mita 400 kwa muda usiozidi dakika 9, ajue kumhuisha aliyeacha kupumua na autambue mkondo wa kurudi, ambao ni maji ya mawimbi yanayorejea kilindini kwa kasi na kumkokota muogeleaji. Mafunzo hayo ni mazuri. Kasoro huanza baada yake. Kijana hupangiwa zamu penye bendera za rangi nyekundu na njano, pengine bila wa kumwelekeza, kisha mitihani na kazi humvuta, akaondoka kimyakimya. Kumwita mvivu ni kumwonea. Viongozi wampe mlezi mzoefu, wamkabidhi mapema jukumu la kuwafundisha wadogo, wampunguzie zamu wakati wa mitihani, na anapohamia mji mwingine kwa masomo wamwandikie barua ya kupokelewa katika klabu ya huko.