Mziba Nyufa Hapigiwi Makofi

Kutoka Kibirizi, kaskazini ya mji wa Kigoma, boti za mbao huwapeleka watu na mizigo kwenye vijiji vya mwambao wa Tanganyika, na wageni hadi Gombe. Boti hizo hudumu kwa sababu yupo fundi anayezipandisha mchangani, akachokoa nyufa, akazikalafati na kuzirudisha majini. Abiria humjua nahodha. Fundi huyo hawamjui. Siku boti inapoingiza maji ndipo jina lake huulizwa, tena kwa hasira.

Nataka kuzungumzia mafundi wa aina hiyo katika fani nyingine, ya kompyuta, kwa kuwa kazi yao inatufunza jambo kuhusu namna tunavyotunza mali ya umma.

Mwaka 1994, kampuni ya Microsoft ilipoonyesha kwamba haitaiendeleza MS-DOS, Jim Hall, mwanafunzi wa fizikia nchini Marekani, alitangaza mpango wa kuandika mfumo endeshi unaolingana nayo, ulio huru kwa kila mtu. Ndio unaoitwa leo FreeDOS, na toleo lake la 1.4 lilitoka Aprili 2025. Msomaji atauliza: nani bado anaihitaji DOS? Wanaihitaji wenye viwanda na maabara ambazo mitambo yake ya zamani ingali mizima, ilhali programu zinazoiendesha ziliandikwa kwa DOS na hazikuandikwa upya. Si haki mtambo mzima utupwe kwa sababu tu kampuni moja ya ng'ambo imegeukia biashara nyingine.

Ugumu mmojawapo uko kwenye kumbukumbu. DOS ilizaliwa wakati kompyuta zilizokusudiwa ziliweza kufikia megabaiti 1 tu, na ndani yake programu za kawaida ziliachiwa kilobaiti 640. Ili kuvuka mpaka huo vinahitajika viendeshi, yaani programu ndogo zinazokaa kati ya mfumo na mashine. Katika FreeDOS, HimemX hufungua kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti 1, na JEMM386 huigawa kwa namna ambayo programu za zamani zinaielewa. Ni kazi nyeti. Kiendeshi kikijitwalia eneo linalotumiwa na kifaa kingine, mashine huganda. Na kwa kuwa mashine mpya hazipangwi kama za jana, kiendeshi kilichokuwa sahihi jana huenda kikakosea leo. Mfumo ni mkongwe, lakini matunzo yake hayana mwisho.

Miongoni mwa walioibeba kazi hiyo ni Tom Ehlert, kisha Michael Devore, kisha mtu anayejulikana kwa jina la Japheth. Mmoja alipopumzika, mwingine alipokea. Hakuna aliyelazimika kubisha hodi kwa kampuni yoyote, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na leseni iliruhusu.

Watu wa Kigoma wana mfano wao wa jambo hili. Meli ya Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 na kuunganishwa upya Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Simsifu mkoloni yeyote, aliyezamisha wala aliyeopoa. Nazungumzia busara ya fundi anayeiacha kazi yake katika hali ambayo mwingine, hata asiyemjua, ataweza kuishika. Msimbo ulio wazi pamoja na leseni huria ndiyo grisi ya programu.

Sasa tujitazame. Taasisi ikinunua mfumo bila msimbo wake, bila maelezo yake na bila fungu la kuutunza, imenunua meli isiyopakwa grisi. Mkataba ukiisha, mzabuni huondoka na ufunguo, na taasisi hurudi sokoni kununua upya kile ambacho wananchi walikwisha kukilipia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Siasa zetu zimeupenda ukuta, kwa sababu ukuta una jiwe la msingi, utepe na picha. Ufa hauna mgeni rasmi.

Wapo watakaosema hatuna wataalamu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka 2006 OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret, Kenya. Uwezo tunao. Tusichokipa heshima wala ujira ni kazi ya kuendelea baada ya uzinduzi. Nami sidai kwamba uhuria pekee ni tiba: msimbo ulio wazi nao huoza ukikosa mtu, na mtu wa kujitolea huchoka. Ndiyo maana fedha ya matunzo ni suala la sera, si la hisani.

Kwa watumishi wa umma nasema: kila mkataba wa mfumo utaje msimbo utakabidhiwa kwa nani, maelezo yataandikwa kwa lugha gani, na matunzo yatalipwa kutoka fungu lipi. Kwa walimu wenzangu: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyerekebisha kasoro katika programu huria inayotumika apate alama sawa na aliyebuni mfumo mpya ambao hautafunguliwa tena baada ya mahafali. Na kwa wanaharakati, ambao huhesabu miradi iliyoahidiwa: anzeni pia kuhesabu iliyokwisha kuzinduliwa na ikaachwa. Mkialikwa kwenye uzinduzi ujao, msikubali kuondoka kabla ya kujibiwa swali hili: nani atautunza, kwa fedha ipi, na akiondoka, nani ataweza kupokea?