Katazo Lifuate Njia ya Ugonjwa

MJI wa Lamadi, wilayani Busega, unaishi kwa wapita njia. Hapo barabara itokayo Bariadi huungana na barabara kuu ya Mwanza, Musoma na Sirari. Hapo hupita magari ya watalii yaendayo lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Hapo pia hupita ndugu zetu wa Ukerewe, waliokwisha kuvuka kwa kivuko hadi Kisorya na kushika njia ya Bunda kwenda Mwanza. Wote hao hula njiani. Kwa hiyo maradhi ya kuambukiza yanapotangazwa, mama lishe na wenye hoteli ndogo za mji huo huwa miongoni mwa watu wa kwanza kuguswa.

Tunalo neno kwa viongozi wetu, nalo tunalisema sasa wakati hali ni shwari: katazo lifuate njia ya ugonjwa, na msaada ufuate katazo.

Tukumbuke yaliyopita. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 hapa nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020. Shule zikafungwa, na mwezi uliofuata ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa hadi tarehe 18 Mei. Serikali yetu haikuwafungia wananchi majumbani kama ilivyofanyika Uganda. Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba mgahawa usiofungwa haukuumia. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea wageni 1,527,230 kutoka nje; mwaka 2020 idadi hiyo ilishuka hadi 620,867. Tarehe 16 Mei, 2020 Kenya nayo ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria, ikaruhusu mizigo tu. Kwa mji ulio katika njia ya Sirari na ya Serengeti, maana yake ni moja: mlango ulibaki wazi, lakini wa kuuingia walipungua.

Wenzetu walifanya nini? Kenya ilipunguza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, na mwishoni mwa Aprili, 2020 ikaruhusu migahawa ifunguliwe tena kwa masharti ya kupima wafanyakazi na kutenganisha meza. Uingereza, katika mwezi wa Agosti mwaka huo, ililipa nusu ya bei ya mlo, isiyozidi pauni 10 kwa mtu, siku za Jumatatu hadi Jumatano. Jiji la New York liliruhusu migahawa kupanga meza barabarani, kwenye hewa ya wazi.

Hazina yetu haina uwezo wa kuwalipia watu chakula cha mchana. Lakini jambo la New York halikudai fedha nyingi, lilidai ruhusa. Tena mama lishe wetu, aliyekaa chini ya mti au turubai, alikwisha kuwa pale ambapo matajiri wa New York walikuwa wakihamia. Kwa ugonjwa unaosafiri kwa hewa, benchi lake penye upepo lina nafuu kuliko chumba chenye kuta nne. Kumwondoa hapo kwa jina la UVIKO kungalikuwa ni kuwasukuma walaji ndani, kwenye hatari kubwa zaidi.

Kipindupindu ni habari nyingine. Ugonjwa huo, ambao mwanzoni mwa mwaka 2024 uliingia mikoa ya Kanda ya Ziwa, Simiyu ikiwamo, husafiri kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Hapo upepo haumkingi mtu; kinachomkinga ni maji salama, sabuni, choo na chakula cha moto. Zanzibar mwaka 2016 ilipiga marufuku uuzaji wa vyakula hadharani kwa sababu hiyo hiyo. Hatubishi kwamba amri ya namna hiyo yaweza kuokoa maisha.

Hoja yetu ni kwamba amri iliyo peke yake haidumu. Mama mwenye watoto wa kulisha, akifukuzwa barabarani, atapika uani na kuuza kwa siri. Bwana Afya hatamwona, wala hataona maji anayooshea sahani. Watasema baadhi ya maofisa kwamba hawana watumishi wa kutosha kukagua kila jiko. Sisi tunauliza: je, ni rahisi zaidi kukagua majiko yaliyofichwa?

Basi Halmashauri ya Wilaya ya Busega ijiandae mapema. Lamadi, pamoja na Magu na Misungwi, iliingizwa katika mradi wa maji wa Ziwa Viktoria uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Bomba la maji hayo lifike pale watu wanapolia chakula, si kuishia majumbani. Siku ambazo biashara imezuiwa kwa amri, ushuru usidaiwe. Tena ipo asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria imeitenga kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo iwafikie wapishi kabla mtaji haujaliwa, maana mtaji wa mama lishe ni gunia la unga na samaki wa siku moja.

Zaidi ya yote, watu wafundishwe. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, nao wakachimba vyoo kwa mikono yao. Hawakuchimba kwa kuogopa mgambo. Walichimba kwa kuwa walielezwa sababu, wakaielewa.

Mama lishe wa Lamadi naye akielezwa sababu, akapewa maji na kuondolewa ushuru, atakuwa msaidizi wa Bwana Afya. Akipewa amri tu, atajificha, na ugonjwa utajificha pamoja naye.