Kabla Hamjauza Kiwanja

Mwezi huu tuweke kando mambo ya zawadi na mitoko, tuongee jambo zito: kansa ya kongosho. Anaumwa mmoja, lakini nyumba nzima inalala macho.

Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula, ndiyo maana ugonjwa huu hugundulika kwa kuchelewa. Macho yanakuwa ya njano, mkojo unafanana na chai ya rangi, tumbo linauma hadi mgongoni, uzito unashuka wenyewe. Wengi huambiwa hawawezi kupasuliwa, kwa kuwa uvimbe umeshakumbatia mishipa mikubwa ya damu au umesambaa.

Hapo ndipo mnasikia kuna tiba ya sindano za umeme nje ya nchi, na mnaanza kuhesabu viwanja.

Tulia kwanza, uijue. Daktari hutazama picha za CT au za ultrasound, huku akichoma sindano nyembamba kuuzunguka uvimbe. Kisha hupitisha mapigo ya umeme yanayofika hadi volti 3,000, kila pigo likiwa fupi kuliko kufumba na kufumbua. Umeme unatoboa utando wa seli, nazo zinakufa. Kwa kuwa haitegemei kuunguza, mishipa ya jirani ina nafasi nzuri zaidi ya kusalimika. Mgonjwa hulazwa usingizi kabisa, na mapigo hayo hufuatanishwa na ya moyo wake.

Inavutia, eeh? Lakini huko Uholanzi ulifanyika utafiti ulioitwa CROSSFIRE, kwa wagonjwa 68 ambao uvimbe wao ulikuwa haujasambaa. Baada ya kemotherapi, baadhi walipewa umeme na wengine mionzi iliyoongozwa na picha za MRI. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 hayakuonyesha kwamba waliopata umeme waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Na tiba yenyewe ina hatari zake, kama kuvuja damu na maambukizi.

Kwa hiyo mkiwa mbele ya daktari, ulizeni bila aibu: Uvimbe umesambaa? Kama ndiyo, sindano za sehemu moja hazitafuata kansa ilikokwenda. Kemotherapi imeshajaribiwa? Wewe mwenyewe umeifanya tiba hii mara ngapi? Itatuongezea nini, na itatugharimu nini?

Halafu rudini nyumbani, zimeni simu, na umwulize mwenzako swali ambalo ndugu wengi hulikwepa: "Wewe unataka nini?" Pengine atasema twende. Pengine atachagua dawa za maumivu, kitanda chake na watoto karibu. Kumsikiliza siyo kukata tamaa, jamani. Hayo nayo ni mapenzi.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.