Fundo la Wapenzi wa Kweli

Wiki hii nawaletea nondo. Siyo zile za kujengea nyumba, jamani! Namsema mdudu, yule ndugu yake kipepeo anayezengea taa usiku.

Huyu wangu ni wa Ulaya, na Uingereza yuko tele. Ni kadogo, kakikunjua mabawa hakafiki sentimita nne. Ana rangi ya kahawia iliyokolea wekundu, na michoro myeupe iliyopishana kama kamba zilizofungwa. Kwa michoro hiyo Waingereza wakambatiza jina ambalo kwa Kiswahili ni Fundo la Wapenzi wa Kweli. Wataalamu wanamwita Lycophotia porphyrea, lakini hilo huwezi kumnong'oneza mpenzi!

Sasa sikia. Huyu bwana huruka kati ya Juni na Agosti tu. Sehemu kubwa ya maisha yake ni kiwavi. Anaanguliwa, anakamata kichaka kifupi chenye maua ya zambarau kiitwacho Calluna, au ndugu yake Erica, na kula majani yake. Baridi inakuja, theluji inaanguka, yeye yupo palepale mpaka Mei.

Hapo ndipo ninapokutaka wewe dada, na wewe kaka, unayebadili mpenzi kila mwisho wa mwezi kwa kuwa mwenzio hana kitu mfukoni. Unataka mabawa, kiwavi humtaki! Nani kakudanganya kwamba fundo hufungwa siku ya harusi? Hufungwa kwenye baridi, mnapogawana chapati moja na chai ya rangi.

Ila tusidanganyane, hata kiwavi anahitaji kichaka chake kiwe hai. Uingereza imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya nyika za vichaka hivyo za nyanda za chini tangu 1800, zikigeuzwa mashamba, misitu ya kupandwa na majumba. Hata kwetu Kilimanjaro, ambako Erica inaota juu ya msitu, moto wa Oktoba 2020 uliunguza sehemu ya ukanda huo. Baridi huvumilika, moto hauvumiliki.

Kwa hiyo pima mwenyewe. Ukata ni baridi, kaa na mwenzio upite. Kipigo na matusi ni moto. Hapo usiniambie habari ya uvumilivu, beba begi lako uondoke.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.