Jina la Mwalimu lisomwe lilivyoandikwa

Wazazi wenzangu, Oktoba inakaribia na watoto wameanza mazoezi ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, tarehe 14, siku aliyofariki London mwaka 1999. Baadhi yenu mmependekeza kwamba kwenye karatasi za kusomea jina lake liandikwe "Nyeh-reh-reh", ili mtoto aliyezaliwa hapa Uingereza asikwame. Nia ni njema. Hakuna mzazi anayependa kumwona mwanawe amesimama mbele ya wageni anasema "Nairiri". Hata hivyo mimi napinga.

Watoto wetu hawana tatizo la ulimi. Huyohuyo anayesema "Nairiri" anamwambia mama yake kwamba nyanya zimeoza, anadai nyama, anauliza tutarudi nyumbani saa ngapi. Sauti ya ny anayo. Kinachomwangusha ni macho: akiona n na y zimefuatana, anazisoma kama anavyofundishwa Jumatatu hadi Ijumaa, na kule y ina tabia nyingi. Kambarage nalo linageuka "Kambareji". Kwetu g ni ile ya gari na gunia, popote ilipo, na e haifi mwishoni mwa neno.

Sasa tukimwandikia "Nyeh-reh-reh" tunamfundisha nini? Kwamba Kiswahili hakisomeki mpaka kwanza kivalishwe herufi za Kiingereza. Wiki ijayo atataka hivyohivyo kwa Butiama, halafu kwa Mkwawa, halafu kwa ujumbe wa babu yake kwenye simu. Vokali zetu ni tano tu na hazibadiliki. Afadhali tumalize Jumamosi mbili nzima kwa jina hili moja, tukipiga makofi Nye-RE-re, sauti ikipanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama kwenye maneno yetu karibu yote. Akilishika hilo, Kambarage atalisoma mwenyewe.

Mzazi mmoja alinikumbusha kwamba Mwalimu naye alibadili majina. Kweli. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963 ikiitwa Julius Caezar, na mwaka 1969 ikatoka tena kwa jina la Juliasi Kaizari. Lakini tuangalie alikuwa anaelekea wapi. Alilileta jina la Mrumi ndani ya Kiswahili ili Mswahili alisome kwa kanuni za lugha yake. Sisi tunataka kulitoa la kwetu nje, tena ndani ya darasa la Kiswahili! Na jina lake mwenyewe aliendelea kuliandika Julius. Tahajia ya jina ni ya mwenye jina. Ndiyo maana Kenyatta ana t mbili, ingawa Kiswahili hakina kawaida hiyo, na mtoto akiandika moja namsahihisha.

Wodini, kabla sijampa mgonjwa dawa, namwomba ataje jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa, kisha nalinganisha na mkanda wa mkononi. Simtajii mimi, maana wapo wanaoitikia jina lolote. Wazee wengi waliotoka nchi nyingine wamezoea kuitwa visivyo kwa miaka mingi, wanaitika tu ili mambo yaende. Nikimuuliza mmoja wao jina lake hutamkwaje, mara nyingi ananitazama kwanza kabla ya kujibu.

Kuitika huko ndiko ninakokuogopa. Darasani kwangu wapo watoto ambao majina yao yenyewe yanaanza na ny, majina ya bibi zao. Katika shule zao za kila siku wanaitwa "Nai" hivi na "Nai" vile. Mmoja siku hizi anajitambulisha hivyo hata kwetu, mbele ya mama yake. Mtoto huyo tukimpa karatasi yenye "Nyeh", tumemwambia kwamba hata walimu wake wa Kiswahili wamekata tamaa na herufi zake.

Jumamosi nitaleta karatasi zenye jina la Mwalimu lilivyo, bila vistari. Nyumbani naomba kila mtoto alisome kwa sauti kila jioni. Asichekwe na asikatishwe. Akikosea, mwambieni aseme nyanya, nyota, nyumba, kisha Nyerere.