Tusidharau Kikaratasi Kidogo

Wako mama wenye mimba ambao wakiambiwa walete mkojo, hunung'unika: "Nimekuja kutafuta dawa, si kuchezea karatasi." Hao wanafanana na Naamani, aliyekasirika kwa sababu nabii alimwagiza neno jepesi, aoge Yordani.

Kikaratasi hicho kimetiwa dawa. Kikichovywa katika mkojo wenye protini, rangi yake ya manjano hugeuka kuwa ya kijani. Hakihitaji umeme wala mashine, ila macho na saa. Cha kupima sukari kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1956, kazi ya Helen Free na mumewe Alfred.

Kifafa cha mimba huua mama na mtoto, na mara nyingi mwanzo wake haumi. Protini katika mkojo, pamoja na msukumo wa damu uliopanda, ni onyo. Kikaratasi peke yake hakiamui. Lazima mkono upimwe pia. Basi, mimi naona hata dispensari ya mbali isimwache mama aende bila vipimo hivi viwili. Nasi wauguzi tusiache chupa wazi, kwa maana unyevu huharibu vikaratasi, navyo vikiharibika husema uongo.

Mama, ukiumwa sana na kichwa, ukiona giza machoni, au uso ukivimba, usingoje siku ya kupimwa. Njoo leo. Nawe baba, msindikize.