Wanaotoka Jasho la Damu

Mwezi wa Oktoba mwaka 2017, jarida la Chama cha Madaktari cha Kanada lilichapisha taarifa ya matabibu wawili wa Chuo Kikuu cha Florence, Italia, Roberto Maglie na Marzia Caproni, juu ya mwanamke wa umri wa miaka 21 ambaye kwa muda wa miaka mitatu alikuwa akitokwa na damu usoni na viganjani, pasipo jeraha wala mkwaruzo wowote katika ngozi yake. Damu hiyo ilimjia usingizini, ilimjia akiwa katika shughuli za mwili, ikadumu baina ya dakika moja na tano, kisha ikakoma yenyewe. Na kila fadhaa ilipomzidi nafsini, nayo ilizidi. Kwa haya alijitenga na watu, hata akapatwa na huzuni nzito na hofu za ghafla.

Laiti binti huyo angalizaliwa katika mtaa wetu, naogopa kwamba kabla ya tabibu kumtazama tungalikwisha kumhukumu: huyu angesema ana jini, yule angesema ni husda ya jirani, na wa tatu, ambaye hujiona ameelimika, angesema anajipaka damu ili aonewe huruma. Hukumu zote tatu zina dhuluma moja, nayo ni kutangulia uchunguzi.

Wale wa Florence hawakuitangulia haki. Dhana ya udanganyifu waliifikiria, maana ni wajibu wa tabibu kuifikiria, lakini waliipima kwa macho: wahudumu wa hospitali waliushuhudia umajimaji wenye damu ukimtoka usoni. Hesabu ya chembe za damu yake ilikuwa sawa, uwezo wa damu kuganda ulikuwa sawa, na kipande cha ngozi kilichochunguzwa hakikuonyesha dosari. Walimpa dawa za kutuliza wasiwasi na huzuni, kisha propranololi, ambayo aghalabu hupewa wenye maradhi ya moyo na shinikizo la damu. Nayo ikaipunguza ile damu sana, ingawa haikuikomesha.

Maradhi hayo huitwa hematohidrosisi. Rai inayotajwa zaidi, ambayo bado haijathibitishwa, ni kwamba tezi za jasho zimezungukwa na mishipa myembamba mno ya damu kama wavu, na mtu anapofikwa na hofu kuu mishipa hiyo hubana, kisha hutanuka na kupasuka, damu ikapenya tezini na kutoka pamoja na jasho. Mwaka 1996 watafiti wawili wa jina moja la Holoubek walikusanya visa 76 na kuvipanga kwa sababu zake, wakaona kuwa hofu kali na fikira nzito ndizo zilizotangulia mara nyingi. Miongoni mwa wagonjwa walikuwamo watu waliohukumiwa kuuawa, na mmoja aliyepatikana na hali hiyo London ilipokuwa ikishambuliwa kwa mabomu.

Bibi Jacalyn Duffin, tabibu wa damu na mwanahistoria wa tiba huko Kanada, aliandika pamoja na taarifa ile neno ambalo naliona la insafu. Injili ya Luka, katika sura ya 22, inalinganisha jasho la Yesu katika dhiki ya sala yake na matone ya damu. Na kwa kuwa maradhi haya yamefungamana kwa karne nyingi na fumbo la dini, huenda imekuwa vigumu zaidi kuyakubali kuwa yapo. Basi mgonjwa amedhulumiwa na pande mbili, wamwonao kuwa ni ajabu ya mbinguni na wamwonao kuwa ni mwongo.

Siombi kwamba kila wekundu uaminiwe kuwa ni damu. Kiboko wa mito yetu hutoa mwilini majimaji mekundu ambayo watu wa kale waliyadhani damu, na wataalamu wa Japani walibainisha mwaka 2004 kwamba ni rangi tu inayomkinga na jua na vijidudu. Binadamu pia wapo ambao jasho lao lina rangi bila ya kuwa na damu. Kupima si kumtusi mgonjwa, bali ndiko kunakomtoa katika tuhuma.

Na kwa kuwa tukio lenyewe ni la dakika chache, mgonjwa hufika hospitali amekwisha kukauka, akaambiwa hana kitu, akarudishwa nyumbani. Alazwe, angojewe, na umajimaji ule uchukuliwe ukingali mbichi, utazamwe kwa hadubini kama una chembe nyekundu za damu. Jamaa zake, badala ya kumpiga picha na kuzisambaza kwa simu, wamsitiri. Na akipewa dawa ya wasiwasi, wasimwite mwendawazimu, kwani hofu yake imo mwilini kama damu yake ilivyo.